Jicho la Mwenyeji

Mchoraji wa Kamembe, mji wa wilaya ya Rusizi, anayetaka kuuza hufunga kazi yake kwa nailoni na kuipandisha basi la Kigali. Inapita msitu wa Nyungwe, inapita Huye, na baada ya saa tano au sita inafika kwenye wanunuzi. Huko zipo nyumba zilizowafanyia wasanii wa Rwanda kazi kubwa: Ivuka, aliyoianzisha Collin Sekajugo mwaka 2007, na Inema, iliyofunguliwa mwaka 2012 na ndugu wawili, Emmanuel Nkuranga na Innocent Nkurunziza. Nazishukuru kwa dhati, maana zimewaonyesha vijana kwamba brashi inaweza kulipa kodi ya nyumba. Hata hivyo wanaonunua humo wengi ni wageni, na picha iliyotoka ukingo wa Ziwa Kivu inaweza kumaliza uhai wake wote bila kutazamwa hata mara moja na mtu wa ukingo huo. Je, picha ya namna hiyo imekamilika?

Mimi nasema bado.

Chukua picha ya wavuvi wa sambaza. Samaki hawa waliletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ni vigumu kuifikiria sahani ya Rusizi bila wao. Huvuliwa usiku. Mitumbwi mitatu huunganishwa kwa miti mirefu, wavu ukashushwa kati yake, taa zikawashwa ili samaki wapande juu, na wanaume huimba wanapopiga kasia ili mikono iende pamoja. Mgeni akiiona picha hiyo ataona mwanga juu ya maji meusi, na atakuwa ameona kitu cha kweli. Lakini mfikirie mvuvi wa kisiwa cha Nkombo amesimama mbele yake. Atasogea mpaka pua ikaribie rangi. Atahesabu miti. Atatafuta kamba inayoufunga mti kwenye mtumbwi wa kati, kwa sababu anajua ikilegea usiku ziwa likichafuka nini kinafuata. Halafu atamgeukia mchoraji: “Kijana wangu, wavu huu unavutwa na nani? Watu wote umewapa makasia.”

Swali hilo haliulizwi Kigali, wala Brussels. Na mchoraji aliyeulizwa hivyo amepata kitu ambacho sifa za ufunguzi wa maonyesho haziwezi kumpa. Amegundua kwamba picha yake inadai jambo kuhusu dunia, na kwamba yupo mtu mwenye haki ya kulikataa dai hilo. Kwangu mimi maana ya kazi ya sanaa inaanzia hapo. Sifa ya asiyeweza kukukosoa haina uzito, hata akiiandamanisha na dola. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na aliyekilalia akikuambia umekichora sawasawa, utalala usingizi.

Mnyororo huu wa kazi, maneno na mtu anayejua haukuanzia kwenye kuta nyeupe. Vuka daraja la mto Rusizi, pita Bukavu, elekea Mwenga na Shabunda, utafika kwa Walega. Wazee wao walikuwa na chama cha Bwami, chenye daraja ambazo mtu huzipanda kwa miaka mingi, kwa gharama na kwa mwenendo. Wenye daraja za juu walikuwa na vinyago vya mti na vya pembe za ndovu, vingine vidogo kiasi cha kutosha kiganjani. Havikuwa mapambo. Vilitunzwa, vikatolewa siku ya kumwingiza mwenzao, vikachezewa na kuimbiwa, na kila kimoja kikasemewa methali yake. Aliyekishika bila methali alikuwa ameshika kipande cha pembe tu. Serikali ya kikoloni ya Wabelgiji iliipiga marufuku Bwami mwaka 1948, na vinyago vingi vikaishia Ulaya, vingine katika makumbusho ya Tervuren karibu na Brussels. Vioo vya huko vimeitunza pembe vizuri sana. Bila Daniel Biebuyck, aliyekaa na Walega miaka ya 1950 akaandika kwa subira yale yaliyokuwa yakisemwa, wengi wetu tungebaki kukisifia kinyago kwa umbo lake peke yake.

Mji mdogo unaotenga chumba na kutundika kazi za watu wake unaurudisha mnyororo huo. Nalisema hili kwa sababu mara nyingi tunaliona jumba la sanaa la mji mdogo kama nakala hafifu ya lile la mji mkuu, mahali pa kujifunzia kabla hujapata pa maana. Nadhani majumba haya yana kazi mbili tofauti. La mji mkuu linaitoa kazi nje, na la mji mdogo linaipeleka mbele ya wanaohusika.

Mfano ninaoupenda zaidi haukuwa hata na jumba. Lubumbashi, miaka ya 1970, wachoraji waliuza picha kwa wafanyakazi wa mgodi, wa reli na wa ofisini. Tshibumba Kanda Matulu alikuwa mmoja wao. Alichora juu ya vitambaa vya magunia ya unga: viboko vya enzi ya Wabelgiji, Lumumba, vita vya Katanga. Picha za namna hiyo ziliitwa ukumbusho, zikatundikwa sebuleni juu ya kochi, na mgeni alipoketi mwenye nyumba alikuwa na la kumsimulia. Mwaka 1973 mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikutana na Tshibumba, akapata kwake mfululizo wa picha zaidi ya mia moja za historia ya nchi, pamoja na maelezo ya mchoraji mwenyewe, kwa Kiswahili cha Shaba (Katanga). Kinachonigusa ni kwamba Tshibumba alijiona mwanahistoria. Alichora akijua kwamba wapo wazee waliokuwapo, ambao wangeweza kumwambia hapa umekosea. Tangu miaka ya mwanzo ya 1980 hajulikani aliko. Picha zipo, na sauti yake imo katika kitabu cha Fabian, lakini zile sebule ndizo zilizompa sababu ya kuchora.

Kwa waandishi jambo hili ni gumu zaidi. Picha hutazamwa kwa dakika moja, kitabu kinadai jioni kadhaa. Ndiyo maana naipenda hadithi ya Paa ya Paa, jumba la sanaa lililoanzishwa Nairobi mwaka 1965: Elimo Njau, mchoraji mzaliwa wa Marangu, hakuwa peke yake, alikuwa na Jonathan Kariara, mshairi na mhariri. Rangi na maneno vilikaa paa moja tangu siku ya kwanza. Katika mji kama Kamembe, ambako Kiswahili kilisikika sokoni na msikitini muda mrefu kabla ya kufanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, na ambako Kinyarwanda, Kimashi na Kifaransa hupishana barabarani, mwandishi akisoma ukurasa wake kwa sauti kati ya picha nne tano atasikilizwa na watu wasiowahi kununua kitabu. Nao watamsahihisha. Watamwambia mwanamke wa mpakani hazungumzi na ofisa wa forodha kwa maneno hayo.

Najua jicho la mwenyeji linaweza pia kukaba koo. Euphrase Kezilahabi aliandika Rosa Mistika, iliyotoka mwaka 1971, akaiweka Ukerewe, kisiwa alikozaliwa, na kitabu kikapigwa marufuku shuleni kwa muda. Mji mdogo unamjua mama yako, unajua deni la baba yako, na unaweza kukuomba uchore maua hadi uzeeke. Kwa hiyo anayeshika ufunguo wa chumba hicho anahitaji moyo mgumu kidogo. Awe tayari kutundika kilichomkera diwani, na pia kukataa kibaya hata kikiwa cha mpwa wake. Msaada kwa msanii ni pamoja na kumwambia bado, rudi nayo mwezi ujao.

Fedha nazo zizungumzwe. Ukumbusho wa Lubumbashi uliingia sebuleni kwa sababu bei yake ilikuwa bei ya mfanyakazi. Rusizi ina ibimina, vile vikundi ambamo wanawake huweka akiba kila juma na kupeana zamu, na kwa njia hiyo wamenunua magodoro, mbuzi na vitenge. Sioni kwa nini picha ndogo isiingie katika zamu hizo. Mama anayeuza sambaza sokoni Kamembe akilipia kidogo kidogo picha ya mitumbwi mitatu na kuitundika kwake, mchoraji atakuwa amepata mnunuzi wa pekee anayeweza kurudi baada ya mwaka kumwuliza kwa nini hajachora wanaoanika.

Limebaki jambo moja ambalo sijalimaliza moyoni. Hapa Kamembe kuna uwanja wa Kamarampaka. Mpira unachezwa hapo. Aprili 1994 Watutsi walikusanywa humo, wakawa wanaitwa kwa majina, wanatolewa, wanauawa. Mchoraji kijana akiuchora uwanja huo mtupu, majukwaa na majani tu, Kigali wataona uwanja. Hapa kila aliye na umri wa kukumbuka atasimama, na mwingine atatoka nje. Katika chumba kimoja watakuwapo aliyepoteza watu wake humo na aliyekuwa akishika orodha, au mtoto wake. Picha ile ile, na hakuna mji mwingine duniani unaoweza kuiona kwa ukamilifu huo, wala unaoweza kuumizwa nayo hivyo.

Hapo kanuni yangu ya jicho la mwenyeji inanidai zaidi ya nilivyotaka kulipa. Ningetaka itundikwe. Lakini ningewaendea kwanza walionusurika, nyumba kwa nyumba, nikiwa na mchoraji mwenyewe na picha yake mkononi, nikawaachia wao waamue ni ukuta upi, mwezi upi, na nani asimame kando yake kuieleza. Na wakisema haitundikwi, basi kazi yake ingekuwa imetazamwa tayari, na mchoraji angerudi nayo nyumbani akiwa amesikia majina ambayo hakuyajua alipokuwa akiichora.