Vali Mbili Chini ya Tangi

Tarehe 4 Januari 1966, kabla hakujapambazuka, mfanyakazi wa kiwanda cha kusafisha mafuta cha Feyzin, kusini kidogo ya jiji la Lyon nchini Ufaransa, aliingia chini ya tangi la propani kwenda kumwaga maji. Ilikuwa kazi ya kawaida. Propani hutoka mitamboni ikiwa na maji kidogo, na kwa kuwa maji ni mazito kuliko propani, hutuama chini ya tangi na hayana budi kutolewa. Tangi lenyewe lilikuwa tufe la chuma lenye ujazo wa mita za ujazo 1,200, limesimamishwa juu ya miguu. Kitovuni mwake, upande wa chini, palikuwa na bomba fupi la kutolea maji, lenye vali mbili, moja juu ya nyingine.

Utaratibu ulitaka vali ya juu ifunguliwe kwanza, tena ifunguliwe yote, halafu mtiririko uongozwe kwa ile ya chini. Utaratibu huo ulikuwa na sababu. Propani ndani ya tangi ni kimiminika kwa sababu tu imebanwa. Ikipita kwenye tundu jembamba na presha ikashuka, hugeuka mvuke, na inapogeuka hunyonya joto la kila kilicho karibu nayo. Kiwango chake cha kuchemka ni nyuzi 42 chini ya sifuri. Maji yaliyochanganyika nayo huganda papo hapo. Barafu ikitokea kwenye vali ya chini, ile ya juu bado ni kavu na inafungika. Ikitokea kwenye ya juu, umekwisha.

Mfanyakazi yule alianza na vali ya chini, kisha akawa anaiongoza ya juu. Yakatoka maji kidogo, mtiririko ukakwama. Akaongeza kufungua. Kizibo cha barafu kikaachia ghafla na propani ikamwagika kwa nguvu, ikagonga ardhi na kumrukia. Mpini wa vali ya juu ukachomoka, akashindwa kuurudisha. Alipoigeukia ya chini, nayo ilikuwa imeshaganda ikiwa wazi.

Yeye na wenzake walikwenda kwa miguu kutoa taarifa. Walikuwa na gari, lakini waliogopa kuliwasha, na simu waliiogopa pia, isije ikatoa cheche. Mara nyingi ajali hii husimuliwa kana kwamba wale watu walikuwa wazembe. Mimi naona katika giza na baridi ile walifikiri vizuri kuliko aliyechora bomba lile.

Mvuke wa propani ni mzito kama mara moja na nusu ya hewa, kwa hiyo haupai. Ulitambaa chini kama ukungu mweupe hadi barabara kuu ya kwenda Marseille, iliyopita hatua chache tu kutoka kwenye uzio. Magari yalisimamishwa kwa wakati upande huo. Lakini kulikuwa na barabara nyingine ndogo ya pembeni, na saa moja na robo asubuhi gari lililokuwa huko, mita zipatazo 160 kutoka kwenye tangi, likauwasha ule ukungu. Moto ukarudi mbio kufuata njia uliyoijia mvuke, ukafika chini ya tufe, na bomba la kutolea maji likageuka jiko.

Wazima moto walifika kutoka Lyon na Vienne. Kilichofuata hakikutokana na kukosa ujasiri. Juu ya tufe palikuwa na vali ya usalama, ile inayojifungua yenyewe presha inapozidi. Ilifunguka kama ilivyoundwa, mvuke uliotoka ukawaka juu kabisa, na kwa macho ya watu wa chini mambo yalionekana yamekaa sawa: tangi linapumua, halitapasuka. Basi maji mengi wakayaelekeza kwenye matangi ya jirani yasije yakashika moto. Kama saa mbili na dakika 45 tangi lilipasuka vali yake ya usalama ikiwa wazi. Watu 18 walikufa katika ajali hiyo, 11 kati yao wakiwa wazima moto, na makumi wakaungua. Kipande cha chuma kilichoruka kilivunja miguu ya tufe la pili likaanguka, nalo likapasuka baadaye. Jumla ya matufe matano yaliharibika kabisa.

Sasa tuangalie hesabu, maana hapa ndipo wanafunzi wa uhandisi hupotezwa na usahihi wao wenyewe. Ukuta wa tangi la presha hukokotolewa kwa kanuni fupi. Kwa tufe, unazidisha presha kwa nusu kipenyo, unagawanya kwa mara mbili ya mkazo ambao chuma kinaruhusiwa kubeba, unapata unene. Tufe la mita za ujazo 1,200 lina nusu kipenyo cha mita 6.6 hivi. Weka presha ya bar 18, ambayo propani huikaribia ikipata joto la nyuzi 50, na mkazo unaoruhusiwa wa megapaskali 150: unene ni milimita 40 hivi. Tangi la mlalo lenye kipenyo hicho hicho lingehitaji mara mbili yake, ndiyo maana hifadhi kubwa huwa matufe ingawa mabamba yake ni taabu kukunja na kuchomelea. Juu ya milimita hizo unaongeza kidogo kwa ajili ya kutu, unapunguza imani yako kwenye viungo vya kuchomelea visivyopigwa picha ya eksirei, kisha unalijaza tangi maji na kulipima kwa presha kubwa kuliko ya kazi. Maji, si hewa. Maji hayabaniki sana, na tangi likipasuka wakati wa kupimwa hayaruki nalo.

Kanuni hizi hazikutoka hewani. Marekani walianza kuziandika kwa pamoja baada ya boila ya kiwanda cha viatu cha Grover, mjini Brockton katika jimbo la Massachusetts, kupasuka tarehe 20 Machi 1905 na kuua watu 58. Jimbo likatunga sheria, halafu Chama cha Wahandisi wa Mitambo cha nchi hiyo kikatoa mwongozo ambao hadi leo ndio unaofuatwa sehemu nyingi za dunia, nasi tukiwemo. Kwa hiyo kuta za matangi zimepata wataalamu na wakaguzi kwa zaidi ya miaka mia moja. Ni nadra leo kusikia tangi jipya limepasuka kwa sababu mtu alikosea kugawanya.

Tatizo ni kwamba ile namba 150 ni ya chuma baridi. Chuma cha kawaida kikifika nyuzi 600 hubakiwa na chini ya nusu ya nguvu zake, na moto wa propani hukifikisha huko haraka. Kila mama anayepika anajua kwamba sufuria yenye maji haiungui, ila ikikaukia jikoni inaharibika. Tufe linalochomwa ni sufuria ya namna hiyo: mahali ambapo ukuta umegusana na kimiminika, kimiminika kinachemka na kuondoa joto, juu ya usawa wa kimiminika kuna mvuke tu, nao hauchukui joto la maana. Huko juu chuma kinalainika. Na kadiri vali ya usalama inavyoendelea kupumua ndivyo kimiminika kinavyopungua na sehemu kavu kuongezeka. Vali ya usalama inazuia presha isipande kupita kiwango kilichowekwa, basi. Haina lolote la kukifanyia chuma kilichoshindwa kubeba hata hicho kiwango. Tangi likifunguka, tani kwa tani za kimiminika kilichokuwa kimebanwa hugeuka mvuke kwa muda usiofika dakika, propani ikijitanua karibu mara 270, na kuwaka kwa pamoja.

Aliyebuni tangi la Feyzin aliweka vali ya usalama ya kutosha, na kwa upande wa presha alikuwa sahihi. Wazima moto nao waliiamini. Wangeambiwa jambo moja tu, kwamba tangi linaloungua bila kumwagiwa maji lina saa moja na nusu au pungufu, wangeyapeleka maji kwingine au wangeondoka. Sidhani mbunifu anamaliza kazi yake kabla wao hawajaambiwa.

Nirudi chini, kwenye bomba. Kwa miaka mingi jibu la viwanda kwa ajali kama ile lilikuwa kuandika utaratibu upya kwa herufi kubwa zaidi na kumwonya mfanyakazi. Mwingereza Trevor Kletz, mhandisi aliyeandika sana juu ya ajali za viwanda vya kemikali, aliirejea Feyzin mara kwa mara kuonyesha njia nyingine: badili bomba. Tundu la kutolea maji lipunguzwe hadi robo tatu ya inchi, ili hata likiachwa wazi kinachotoka kiwe kidogo. Vali mbili zitenganishwe kwa umbali wa kutosha, baridi ya moja isifike kwenye nyingine. Mpini uwe umefungwa moja kwa moja, na vali ya mwisho iwe ya springi, mtu akiiachia inajifunga. Mdomo wa bomba utokee pembeni, si chini ya tangi pale anaposimama mtu. Na kwenye bomba kuu iwepo vali inayofungwa kwa mbali, mtu akiwa hajaingia kwenye wingu.

Ardhi nayo ibadilike. Zamani walijenga ukuta mfupi kuzunguka tangi ili kinachomwagika kisitoroke, desturi iliyotoka kwenye matangi ya petroli. Kwa propani hiyo ni kukipa kimiminika bwawa la kuungulia chini ya tangi lile lile. Siku hizi ardhi huinamishwa ili kinachovuja kitiririke kwenda kwenye shimo lililo mbali. Miguu huvikwa zege au plasta isiyoshika moto, kwa kuwa tangi lisilo na miguu halina mjadala. Juu huwekwa mabomba ya kulinyeshea maji tangi zima. Wengine hulifukia kabisa tangi kwenye kichuguu cha mchanga, moto usilione. Gharama inapanda, na mimi nimeshasikia wawekezaji wakiuliza kama zege la miguuni ni la lazima kwa kuwa "chuma kinaonekana kigumu". Ni swali la haki. Anayelipa ana haki ya kuonyeshwa picha za Feyzin.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho hakiongezwi baadaye kwa bolti, nacho ni umbali. Kwenye kituo cha gesi cha kampuni ya mafuta ya Pemex huko San Juan Ixhuatepec, pembezoni mwa jiji la Mexico, palikuwa na matufe 6 na matangi ya mlalo 48. Alfajiri ya tarehe 19 Novemba 1984 bomba lilipasuka, wingu likawaka, na matangi yakaanza kulipuka moja baada ya jingine kwa namna ile ile ya Feyzin, mengine yakiruka mbali, moja likatua umbali wa mita 1,200. Milipuko ilirekodiwa na mitambo ya kupimia matetemeko ya ardhi. Watu wapatao 500 walikufa, wengi wakiwa nyumbani mwao wamelala. Kituo kilipojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumba hazikuwa karibu hivyo. Zilikisogelea mwaka hadi mwaka, na hakuna aliyekuwa na kazi ya kuzizuia.

Embakasi, Nairobi, ilikuwa kinyume chake: nyumba zilitangulia, gesi ikazifuata. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024 gari lililosheheni gesi ya kupikia lililipuka kwenye kituo cha kujazia gesi katika mtaa wa Mradi, moto ukaruka hadi kwenye makazi na ghala la nguo. Walikufa watu kadhaa na kujeruhiwa zaidi ya 200. Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli ilieleza kwamba maombi ya kujenga hapo yaliletwa kwake zaidi ya mara moja mwaka 2023 na yote yalikataliwa, michoro ikiwa haitimizi umbali wa usalama na eneo likiwa na watu wengi. Wakati huo huo leseni ya mazingira ilikuwa imetoka, na baadaye mamlaka ya mazingira yenyewe ikasema ilitolewa isivyostahili.

Ofisi moja ilipima umbali na kusema hapana. Nyingine ikasema ndiyo. Mwenye kituo alichagua karatasi aliyoipenda. Katika nchi zetu mchoro wa tangi huenda meza moja na ramani ya viwanja meza nyingine, na mhandisi anayechora tufe hapewi ile ramani, wala afisa ardhi anayegawa viwanja hapewi mchoro. Ningependa kuona karatasi hizo mbili zikibanwa pamoja na kugongwa muhuri siku moja, na kiwanja chochote kitakachokatwa baadaye ndani ya umbali ule kirudishwe kwanza kwa yule mhandisi atie sahihi.