Shika Brashi, Ngoma Inalia

Umesikia nyuzi za enanga tangu ukiwa mgongoni mwa mama yako, halafu unaniambia hujui pa kuanzia kuchora?

Wewe wa Kayanga. Wewe wa Omurushaka, wa Nkwenda, wa Murongo kule mpakani. Nani kakudanganya kwamba uchoraji ni kazi ya watu wa Dar es Salaam?

Nazungumzia picha dhahania. Picha isiyo na twiga, isiyo na Mmasai na mkuki wake, isiyo na jua linalozama ziwani. Rangi na mistari, basi, vinavyotembea kwa mwendo wa muziki. Pengine umewahi kuiona moja ukacheka, ukauliza, "Sasa hiki ni nini?"

Nami nakuuliza. Mwaka 2001 Saida Karoli alitoa Maria Salome, mwana wa Kagera akiimba Kihaya, na nchi ikacheza. Wangapi kati ya waliocheza walijua Kihaya? Nani alizima redio akidai kwanza atafsiriwe? Sauti iliwaingia, mabega yakajibu.

Kwa nini basi rangi peke yake uidai kitambulisho?

Sikiliza habari ya Wassily Kandinsky. Mrusi huyu alisomea sheria. Mwaka 1896, akiwa na miaka 30, alipewa nafasi ya kufundisha chuo kikuu. Akaikataa. Akaenda Munich, Ujerumani, kuanza kujifunza uchoraji pamoja na vijana aliowazidi umri. Miaka 30! Na wewe wa 22 unasema umechelewa?

Tarehe 2 Januari 1911 alikwenda kusikiliza muziki wa Arnold Schoenberg, muziki uliowachanganya wengi kwa sababu uliacha njia walizozizoea. Kandinsky hakurudi nyumbani kulala usingizi. Katika siku chache alikuwa amechora alichokisikia: bahari ya manjano iliyofurika upande mmoja wa picha, na pale palipokuwa na piano, bonge jeusi linaloisukuma manjano hiyo. Ukiitazama utadhani umekaa mstari wa mbele. Picha zake nyingine za miaka ile alizibuni kwa namna ya mwanamuziki anayeachia vidole viende, akazipa namba tu.

Kutoka 1896 hadi 1911 ni miaka 15.

Wewe umejaribu kwa muda gani kabla ya kutangaza kwamba huna kipaji?

Na Piet Mondrian je? Mholanzi, mzee wa miaka 68, vita vikamtoa Ulaya, akashuka New York mwaka 1940. Akasikia bugiwugi, piano ya mdundo wa dansi. Mzee aliyekuwa amechora mistari mieusi kwa miaka mingi akaitupa mistari hiyo, akaweka manjano, na vijiraba vyekundu na vya buluu vinavyorukaruka juu yake. Picha hiyo, Broadway Boogie Woogie, aliikamilisha mwaka 1943. Alipofariki mwaka uliofuata, nyingine ilikuwa bado mikononi mwake.

Najua unachotaka kusema. Hao ni Wazungu, wana vyuo, wana makumbusho.

Haya, turudi nyumbani. Tena hapa ndipo unapoishiwa visingizio.

Itazame enanga kwa karibu. Ubao mrefu uliochimbwa katikati. Ncha zake mbili zimechongwa meno. Uzi mmoja unapita kwenye jino, unavutwa hadi ncha ya pili, unarudi, unakwenda tena, mpaka uzi ule mmoja umekuwa nyuzi saba au nane. Kisha mtu anakaa, anaupakata ubao huo, na usiku mzima unasikia vita, wafalme, mapenzi na vifo.

Unadhani amekariri? Profesa M. M. Mulokozi alizifanyia tendi za enanga za Wahaya utafiti mkubwa, na tasnifu yake ya mwaka 1986 ni juu ya hizo. Mtambaji anakijua kisa. Anaijua njia. Lakini mengi anayatunga palepale, macho yake yakiwa kwa watu waliomzunguka. Wakichangamka, anarefusha. Wakisinzia, anageuza. Kidole kikigusa uzi asioukusudia, haombi radhi. Anaurudia, na sasa umekuwa sehemu ya wimbo.

Huko ndiko kubuni papo kwa papo. Huko ndiko Kandinsky alikokutafuta kwa miaka 15. Wewe umezaliwa nako!

Na si enanga tu. Wasafiri wa Kizungu, Speke na Grant, walipofika kwa Mfalme Rumanyika wa Karagwe mwishoni mwa 1861, huko Bweranyange, walikuta ngoma za mwezi mwandamo zimepangwa mstari, wapigaji wamesimama nyuma yake. Grant alibaki Karagwe miezi kadhaa, mguu ukimuuma, akichora. Mgeni mgonjwa alichora! Na wahunzi wa ufalme ule ule walifua ng'ombe wa chuma wenye mwili mdogo na pembe ndefu za kushangaza. Hawakuhangaika na kwato wala manyoya. Walichukua kile kinachomfanya ng'ombe wa Karagwe awe wa Karagwe, yakabaki mapindo mawili ya chuma. Na wewe unaambiwa kwamba kuacha sura ya kitu ni ujanja wa kigeni, ukakubali?

Waitu, ndugu yangu, amka!

Huna rangi? Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968 kwa vipande vya hadibodi na rangi ya mafuta ya dukani. Hakusubiri mfadhili. Wewe unakanyaga rangi kila siku. Udongo mwekundu wa njia ya kwenu, uchekeche kwa chujio la chai mpaka ulainike. Twanga mkaa. Chemsha kahawa yenu wenyewe, nzito, uipunguze motoni mpaka inate. Nyeupe, muombe fundi rangi masalia ya ndoo yake. Changanya kila kimoja na gundi nyeupe ya seremala na maji kidogo. Gunia kuukuu la kahawa lipigilie kwenye fremu ya mbao, lipake gundi, likauke, lipake tena.

Huna chuo? Chuo cha sanaa kiko Bagamoyo, naam, ni mbali. Masikio yako yako wapi?

Fungulia muziki. Enanga, ngoma, kwaya ya kanisani kwenu, chochote kinachokusisimua. Usichore mpigaji. Chora pigo. Ngoma ikishuka nzito, weka weusi mzito. Sauti ikipanda, vuta mkono upande. Muziki ukinyamaza, nyamaza nawe, uache gunia wazi. Mstari ukienda kombo, usiufute! Weka wa pili uujibu.

Utaharibu. Naam, utaharibu magunia. Jirani atasema umechanganyikiwa, na mjomba wako atakuuliza kama kahawa imeisha kuvunwa. Vuna kahawa mchana. Jioni ni ya nani? Jioni ngapi umezimalizia kijiweni, kichwa kimeinamia simu, ukitazama watu waliothubutu? Watu hao hawana mkono wa tatu. Walianza tu, wewe ukabaki kuwapigia makofi.

Sikuamini ukisema huna kitu. Siamini hata kidogo. Nimewaona vijana wa Kyerwa wakiitikia ngoma harusini, kila bega na jibu lake, hakuna aliyefundishwa hatua inayofuata. Mwili unaoweza hivyo unashindwaje na brashi?

Kwa hiyo usiniahidi mwaka ujao. Usiniambie baada ya msimu. Gunia liko stoo, udongo uko mlangoni. Chekecha leo. Paka leo. Itundike picha hiyo barazani, watu waione ikiwa bado mbichi, waseme watakavyo.

Kisha chukua gunia la pili.