Mkate Usio na Chumvi



Wale mnaoniuliza kila siku, "Frateri, huko Ulaya kukoje?", leo nawajibu. Niko Perugia, katikati ya Italia, kwa miezi michache ya kujifunza Kiitaliano kabla ya kuanza teolojia. Mji umekaa juu ya vilima, karibu mita 500 kutoka usawa wa bahari. Mimi mtoto wa Lushoto nikajua nitautembea kama nyumbani. Wapi! Hapa kwenda dukani ni ngazi, kurudi ni ngazi, na vibibi vya miaka themanini vinakupita huku vimebeba mifuko ya soko.

Jumamosi iliyopita hatukuwa na vipindi, nikaamua kuuzunguka mji. Nilianzia bekari. Mkate wa hapa hauna chumvi kabisa, na kwa wiki tatu nilikuwa nadhani wanasahau. Siku hiyo nikajikaza kuuliza, kwa Kiitaliano changu cha kuungaunga (shahada ya falsafa haimsaidii mtu mbele ya kaunta ya mkate). Mama muuzaji akacheka, akanyoosha kidole upande wa ngome. "Kamuulize Papa," akasema.

Nikaenda. Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 1540 Papa Paulo III aliongeza kodi ya chumvi. Watu wa Perugia wakaasi, wakashindwa. Wenyeji husimulia kuwa tangu hapo waliisusia chumvi ya Papa, na ndiyo maana mkate uko hivi. Hiyo ya mkate wanahistoria wanaitilia mashaka. Ngome lakini si hadithi, ipo. Papa aliijenga juu ya mtaa wa Baglioni, ukoo uliokuwa na nguvu mjini. Nyumba zikakatwa vichwa, zilizobaki zikageuzwa msingi. Leo ngazi za umeme zinakufikisha humo ndani, na unatembea kwenye kichochoro chenye milango na madirisha ya watu, ila juu hakuna anga. Ni dari ya matofali. Mtaa mzima umezikwa umesimama.

Nilikaa humo muda mrefu kuliko nilivyopanga. Mnajua Injili ya Mathayo sura ya 5, ile tunayopenda kuiandika kwenye fulana za makongamano: Yesu anatuita chumvi, na papo hapo anataja mji ulio juu ya mlima. Hapa vyote viwili vipo, na aliyewatia watu uchungu wa chumvi ni mrithi wa Petro. Sisemi hili kulitukana Kanisa. Kanisa ni mama yangu. Ila nilipotaka kumshangaa yule Papa, nikakumbuka kwaya.

Mwaka wangu wa uchungaji niliwekwa kwenye kigango fulani, na mimi ndiye nilikuwa mlezi wa vijana. Binti mmoja wa kwaya, sauti ya kwanza, alipata ujauzito kabla ya ndoa. Jioni moja, katikati ya mazoezi, nikamwambia mbele ya wote kwamba asivae tena sare. Nilidhani nalinda heshima ya altare. Alikunja kitenge chake taratibu, akakiweka juu ya benchi, akaondoka. Usiku huohuo akajitoa kwenye grupu la kwaya. Baada ya wiki mbili mama yake naye hakuonekana tena jumuiyani.

Dhambi ile nilishaiungama. Padre akaniondolea, na naamini nimesamehewa kweli. Yeye mwenyewe sikuwahi kumwambia neno.

Mchana nilipanda hadi Kanisa Kuu la Mtakatifu Laurenti. Nje, pembeni ya mlango, ipo sanamu ya shaba ya Papa mwingine, Julius III, ameinua mkono kubariki. Huyu ndiye aliyemrithi Paulo III, na mwaka 1553 aliwarudishia watu wa Perugia viongozi wao wa mji. Ngome hakuibomoa. Wananchi wenyewe ndio waliokuja kuibomoa sehemu kubwa, miaka mia tatu baadaye. Aliwarudishia alichoweza, nao wakamshukuru kwa hiyo sanamu.

Nilitaka kuingia kanisani kusali. Miguu ikakataa. Katika sura ileile ya Mathayo, mistari michache tu mbele, Yesu anasema habari za mtu aliyefika altareni na sadaka yake, akakumbuka kuwa ndugu ana neno juu yake. Mnajua anamwambia afanye nini kwanza.

Basi nikakaa kwenye ngazi za kanisa, katikati ya watalii na njiwa, nikatafuta namba yake. Nilirekodi ujumbe wa sauti mara nne. Mitatu ya kwanza niliifuta, maana ilikuwa na maelezo mengi: kanuni, nia yangu, umri wangu wakati ule. Wa nne haukufika hata dakika moja. Nilimwambia nilikosea, nilimwaibisha, naomba anisamehe, na halazimiki kunijibu.

Tiki mbili zikawa bluu saa moja jioni, nikiwa narudi bwenini na nusu ya ule mkate mkononi. Jibu lilikuja usiku, la maandishi: "Nimesikia Frateri. Mtoto ana miaka miwili sasa. Anapenda sana kuimba."

Bado sijajua nimwandikie nini.