Mwenye Ng'ombe Akishaonywa



Jumapili iliyopita mama mmoja wa kwaya aliniambia bila kuzunguka: "Baba, pikipiki yako inawakohoza watoto." Nilikuwa nimeiacha ikiwaka mlangoni, moshi wake wa bluu ukiwaendea watoto wa Shule ya Jumapili. Nikamjibu kwamba sikukusudia. Jibu hilo limenisumbua wiki nzima. Je, asiyekusudia hana deni?

Katika Kutoka 21, Sheria ya Musa inatumia mfano wa ng'ombe. Akimpiga mtu pembe akafa, wala hakuwa na tabia hiyo, mwenyewe hana hatia. Lakini kama ilikuwa desturi yake, na mwenyewe alionywa wala hakumzuia, hatia ni yake. Ng'ombe ni yule yule na pembe ni zile zile. Kilichoongezeka ni onyo.

Tazameni petroli. Tangu miaka ya 1920 ilitiwa dawa yenye risasi ili injini isigonge. (Nasema madini. Ile ya bunduki tuliikimbia, kumbe hii tuliivuta kwa pua.) Mwaka 1924 wafanyakazi watano walikufa huko New Jersey, Marekani, wakitengeneza dawa hiyo. Risasi, hata kidogo, hudhuru ubongo wa mtoto. Hata hivyo nchi zetu za kusini mwa Sahara zilimaliza kuiacha mwanzoni mwa 2006, na Algeria, ya mwisho duniani, mwaka 2021. Karibu miaka mia tangu onyo!

Kuhusu dizeli, wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani walitangaza mwaka 2012 kwamba moshi wake huleta kansa. Mtasema: lori ndilo linalotuletea mahindi. Kweli, nalo lije. Ng'ombe naye alilima, na Musa hakukataza kumfuga. Lakini injini inayonguruma saa nzima kando ya foleni ya mgao, akina mama wamebeba watoto mgongoni, inalima shamba gani?

Nirudi kwangu. Fundi amesema ringi zimekwisha, ndiyo maana inakula oili. Bei yake ni sawa na karo ya muhula ya binti yangu. Nilitaka kusema kwamba asiyekuwa na fedha amesamehewa. Ila kuzima injini hakulipiwi.

Karo nimelipa, ringi bado. Jumapili nitaizima pale kwenye bomba la maji, niisukume hadi kanisani. Mama yule nimekwisha kumwambia.