Je, Mgonjwa Ana Hatia?



Miaka mingi iliyopita nalikwenda hospitali kumtazama mwalimu mwenzangu aliyepatwa na kiharusi. Tulisoma pamoja chuo cha ualimu, naye alivuta sigara tangu ujana wake. Nilipoketi kando ya kitanda nikamwambia, "Mwalimu, sikukuambia?" Hakuweza kujibu, maana ulimi ulikuwa mzito. Alinitazama tu. Baada ya siku nne tulimzika. Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza: je, kujua sababu ya ugonjwa kunatupa haki ya kumlaumu mgonjwa?

Kwanza tukumbuke jinsi maarifa haya yalivyopatikana. Rais Franklin Roosevelt wa Marekani alifariki tarehe 12 Aprili 1945 kwa kuvuja damu ubongoni. Shinikizo lake la damu lilikuwa juu kwa miaka kadhaa, lakini siku zile madaktari wengi walidhani kwamba kupanda huko ni jambo la kawaida kwa mtu mwenye umri.

Mwaka 1948 watafiti walikwenda katika mji wa Framingham, jimbo la Massachusetts, wakaomba watu wajitolee kuchunguzwa. Walikubali watu 5,209, wanaume kwa wanawake, ambao walikuwa hawajapatwa na mshtuko wa moyo wala kiharusi. Kila baada ya miaka miwili walirudi kupimwa na kuulizwa habari za maisha yao. Mwaka 1971 watoto wao wakajiunga, na mwaka 2002 wajukuu. Kwa subira yao tulijifunza kwamba shinikizo la juu la damu, kolestro nyingi, sigara na kisukari huongeza hatari ya ugonjwa wa moyo.

Lakini tuliangalie neno hilo "hatari". Hesabu ya watu wengi hutuambia kwamba wavutaji wa sigara hupatwa zaidi kuliko wasiovuta. Haituambii kwamba huyu atapatwa na yule ataokoka. Wako wavutaji waliofika uzeeni, na wako wasiovuta waliofariki mapema; kwa maana umri na urithi wa wazazi vina sehemu yao, na hivyo hakuna ajichaguliaye.

Hata yale tuyaonayo kuwa ya hiari si ya hiari yote. Utafiti uliotolewa mwaka 1990 uliwafuata Wajaluo waliohama vijiji vya magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi. Shinikizo lao la damu lilipanda kuliko la wenzao waliobaki nyumbani, tena katika miezi ya kwanza tu, na chumvi katika chakula chao ilikuwa imezidi. Kijana aliyefuata kazi mjini hakwenda kutafuta ugonjwa.

Mtu atasema, "Mwalimu, tusipolaumu, watu watalegea." La, onyo na lawama si kitu kimoja. Onyo hutangulia, wakati mtu bado aweza kugeuka. Lawama huja nyuma, wakati hana la kufanya. Nami nikikumbuka vizuri, onyo langu kwa rafiki yangu lilikuwa mzaha wa chumba cha walimu. Sikumsindikiza hata siku moja kwenda kupimwa. Onyo nililitoa nusu. Lawama niliitoa yote.

Wanafunzi walipomwona yule kipofu katika Yohana sura ya 9, walitaka kujua ni dhambi ya nani. Bwana hakuwapa mtu wa kumlaumu, alimponya.

Basi, ndugu zangu, wale watu wa Framingham hawakutoa mikono yao ichomwe sindano ili sisi tupate fimbo ya kuwapigia wagonjwa. Walitupa maarifa tupate kuyatumia mapema. Sisi tulio wazima tukapimwe shinikizo la damu, tupunguze chumvi, tuache sigara, na tumsindikize jirani aogopaye kwenda peke yake. Na yule aliyekwisha kulala kitandani tumpelekee uji, tumshike mkono, na lile neno la "sikukuambia?" tulimeze.

Mwalimu mstaafu