Sheria Inaruhusu. Je, Tufanye?



Jumatano iliyopita baada ya maombi, ndugu mmoja kijana alinisubiri mlangoni. Amesoma sheria, na kwa miaka minne amekuwa afisa wa sheria katika shirika moja hapa Garissa. Sasa wakubwa wake wamemwambia aongoze shirika lote. "Pasta," akaniuliza, "mama aliuza ng'ombe wawili ili niwe wakili. Nikienda kukaa kwenye kiti cha meneja, si nitakuwa nimetupa wito?" Nilikuwa na haraka, watoto walikuwa wananingoja, nikamjibu vile tunavyojibu siku zote: "Ndugu, Mungu akikuinua, inuka." Akasema amina, akaenda. Nilipofika nyumbani nikaona sikumjibu kitu. Haya ninayoandika wiki hii ndiyo jibu nililopaswa kumpa.

Tuanze na mtu ambaye wengi wetu tunamjua kwa jina. Rebecca Miano alisoma sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi, akawa wakili. Mwaka 1998 alijiunga na KenGen, kampuni inayozalisha zaidi ya nusu ya umeme wa nchi yetu. Alikaa humo karibu miaka 20 katika kazi za sheria na ukatibu wa kampuni, yaani yule anayekaa pembeni ya bodi na kuwaambia wakubwa jambo gani linaruhusiwa na lipi haliruhusiwi. Mwaka 2017 akawa Afisa Mkuu Mtendaji, mwanamke wa kwanza kuiongoza kampuni hiyo. Mwaka 2022 akateuliwa Waziri wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na maeneo kame, yaani sisi. Mwaka uliofuata akahamishiwa Biashara na Viwanda. Julai 2024 alitajwa awe Mwanasheria Mkuu, lakini kabla hajaingia ofisi hiyo mpango ukabadilika, akapewa Utalii na Wanyamapori.

Tukihubiri habari kama hii, mara nyingi tunahubiri ngazi. Tunasema tazama, leo uko pembeni ya meza, kesho uko kichwani mwa meza, pokea! Mimi pia nimehubiri hivyo. Lakini mtu anapotoka kwenye uwakili kwenda kwenye uongozi, kinachobadilika zaidi si kiti. Ni swali. Wakili anaulizwa: je, sheria inaruhusu? Kiongozi anaulizwa: je, tufanye? Wakili akijibu swali lake vizuri, kazi yake imekwisha, anaweza kufunga faili aende nyumbani. Kiongozi akishapata jibu hilo la wakili, kazi yake ndiyo kwanza inaanza.

Nitawaambia nilivyojifunza hili, na si habari ya kujivunia. Kabla ya kuitwa katika huduma, nikiwa na digrii yangu ya biashara bado mpya, nilifanya kazi katika kampuni moja ya mikopo. Kulikuwa na mama mjane, fundi wa nguo. Aliweka cherehani yake kuwa dhamana. Akachelewa miezi mitatu. Nilimuuliza wakili wa kampuni, akaniandikia mistari miwili kwamba mkataba unaturuhusu kuchukua. Nikatia sahihi. Vijana wakaenda na pikapiki, wakaileta. Siku hiyo nilikula chakula changu cha mchana vizuri tu, kwa sababu nilijiambia wakili amesema ni halali. Miezi baadaye nikaongea na wakili yule, na yeye aliniambia, "Mimi nilishauri tu, aliyeamua ni wewe." Vijana wa pikapiki nao walitumwa. Sasa niulizeni, cherehani ya yule mama ilichukuliwa na nani? Ukituuliza sisi sote, ilichukuliwa na hakuna mtu.

Hapo ndipo dhambi ya maofisini hukaa. Haina mwenyewe. Pilato alijua njia hiyo kabla yetu. Katika Mathayo 27 aliomba maji, akanawa mbele ya watu, na bado sahihi ilikuwa yake. Na katika Luka 11 Yesu aliwakemea wanasheria wa siku zake kwa jambo hili hasa, kwamba wanawatwika watu mizigo mizito na wao wenyewe hawaigusi hata kwa kidole.

Sisi watu wa Garissa tunaweza kulielewa hili kuliko wengine, kwa sababu tunakaa mto chini. Mvua inanyesha Mlima Kenya na milima ya Nyandarua. Maji yanaingia Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere, mabwawa matano yanayoendeshwa na KenGen. Masinga likijaa, maji yanapita juu, na baada ya siku kadhaa yako hapa kwetu, hata kama mbingu ya Garissa haina wingu. Mwaka 2018 tuliyaona. Mwaka 2023 tukayaona tena. Aprili 2024 barabara ya Madogo ilikatika, na boti iliyokuwa ikivusha watu pale Kona Punda ikazama, watu wakafa. Sisemi kuna mtu ofisini aliyeleta mvua. Maji hayangoji uamuzi wa bodi. Nasema tu kwamba yeyote anayekaa kwenye kiti kama kile, awe Nairobi au popote, ameshika maisha ya watu ambao hatawaona kamwe: mwenye shamba la ndizi kando ya mto, mtoto wa Ziwani, nyanya wa Bakuyu asiye na simu. Sheria inaweza kumuuliza: je, ulitoa tangazo? Dhamiri inamuuliza: je, yule nyanya alisikia? Lilisemwa kwa Kisomali? Lilifika mapema kiasi cha kubeba godoro na mbuzi?

Halafu fikirini. Mtu aliyeongoza kampuni ya mabwawa ndiye aliyepewa wizara ya maeneo kame mwaka 2022, wakati misimu minne ya mvua ilikuwa imekosekana mfululizo na mifugo imelala njiani kuanzia Mandera hadi Ijara. Kutoka maji mengi hadi kukosa maji kabisa. Katika hali zote mbili, hakuna kifungu cha sheria kinachoweza kumwamulia kiongozi kila kitu.

Nilimsomea mzee mmoja wa kanisa rasimu ya maneno haya, akanipinga, na akanipinga vizuri. Akasema, "Pasta, jihadhari. Kiongozi anayesema dhamiri yake iko juu ya sheria ndiye tunayemwogopa. Heri yule wa vifungu." Na yeye ana haki. Kaskazini Mashariki iliwekwa chini ya hali ya hatari tangu siku za vita vya shifta, na haikuondolewa hadi 1991. Wazee wa hapa wanajua maana ya afisa anayefanya anavyoona vema bila mtu wa kumuuliza. Wagalla, Wajir, mwaka 1984, haikuwa shida ya sheria kuwa nyingi mno. Palikosekana mtu wa kusema, hapana, hili haliruhusiwi.

Kwa hiyo sitaki mtu atoke hapa akisema pasta amedharau sheria. Sheria ni sakafu. Usishuke chini yake, hata kwa nia njema. Lakini nani amejenga sakafu halafu akasema nyumba imekwisha? Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba mambo yote kwake ni halali, ila si yote yafaayo wala yajengayo. Alikuwa msomi wa sheria mwenyewe, miguuni pa Gamalieli. Alijua uhalali ni mahali pa kuanzia.

Sasa nakujibu, ndugu yangu wa Jumatano. Ng'ombe wa mama hawakupotea. Katika Tito 3 kuna mtu anaitwa Zena, mwanasheria, na Paulo anaagiza asafirishwe kwa bidii asipungukiwe na kitu. Mungu hawaonei haya mawakili. Ukienda kwenye kile kiti, nenda na sheria yako yote, maana shirika likipata kiongozi anayeijua sakafu, watu wake wako salama zaidi. Lakini shika haya matatu.

Kwanza, wakili mpya akikuandikia kwamba jambo linaruhusiwa, mshukuru, halafu uulize: nani yuko mto chini? Usitie sahihi hadi upate jina la mtu mmoja.

Pili, usiseme kamwe "ofisi imeamua". Ofisi haina moyo wala siku ya hukumu. Sema "nimeamua", hata kama sauti inatetemeka.

Tatu, baada ya kuamua, nenda ukaone. Vumbi la Bula likuguse viatu. Ukikosea, utakuwa karibu kiasi cha kurekebisha.

Hilo la tatu nakuambia kwa uchungu. Nilipookoka sawasawa, nikasoma habari ya Zakayo akirudisha mara nne, nikarudi kule mtaani na pesa za cherehani mfukoni. Duka lake lilikuwa limegeuka kinyozi. Majirani walisema alihama, hawajui alikoenda. Nimeuliza mara tatu tangu wakati huo. Damu ya Yesu imenisamehe, naamini hivyo. Lakini msamaha wangu haukumrudishia yule mama cherehani, na sitaki kuhubiri kana kwamba ulimrudishia. Bado namtafuta.

Wapendwa, si sisi sote tutakaa kwenye viti vikubwa. Lakini mwalimu mkuu, sajini, karani wa kaunti, mwenye duka aliyeajiri kijana mmoja, kila mmoja ana mto unaopita mkononi mwake na mtu anayekaa chini yake. Wiki hii, katika ushirika wa nyumbani, kila mtu ajibu swali moja: ni jambo gani nililofanya kwa sababu liliruhusiwa tu? Na kama yule mtu bado yupo mahali unapoweza kumfikia, mpendwa, usingoje Jumapili.

Tuombe. Bwana, tupe kujua sheria, na utupe ujasiri wa kuweka majina yetu juu ya tunayoyaamua. Wakumbuke walio mto chini. Katika jina la Yesu. Amina.