Rangi za Mawingu ya Nyota na Ushuhuda wa Kweli



Baada ya kesha la maombi, kijana mmoja wa korali alituonyesha picha katika simu yake. Ni mawingu ya juu mbinguni, si haya ya mvua, bali mawingu makubwa ya gazi na vumbi yaliyo katikati ya nyota. Yamesimama kama nguzo tatu za rangi ya udongo, na nyuma yake kuna bluu na rangi ya majani mabichi. Mama mmoja mzee akatazama sana, kisha akauliza: «Papa Shemasi, mimi ninakesha tangu ujana wangu, na kila mara natoka inje kutazama juu. Mbona rangi hizi sijaziona hata siku moja? Aliyepiga picha hii amesema uwongo?»

Siku ile sikuwa na jibu. Nimesoma, nimemwuliza mwalimu mmoja wa fizike, na leo najibu, kwa maana swali la mama limenichoma mimi mwenyewe, kama mtakavyoona.

Picha ile ilipigwa mwaka 1995 na darubini iitwayo Hubble, ambayo Wamarekani na watu wa Ulaya waliipandisha angani mwaka 1990. Waliofanya kazi hiyo ni Jeff Hester na Paul Scowen. Wingu linaitwa Tai, na nguzo zake zimeitwa Nguzo za Uumbaji, kwa sababu ndani ya vumbi lile nyota mpya zinazaliwa. Ni mbali sana: nuru, ambayo inakwenda kilometa 300,000 kwa sekunde moja, inasafiri karibu miaka 6,500 kutoka kule mpaka kwetu.

Sasa tuseme juu ya rangi. Darubini ile haikupiga picha ya rangi. Ilipiga picha nyeusi na nyeupe, moja moja, kila moja kwa kioo kinachopitisha nuru ya kitu kimoja tu: moja ya kiberiti (kile kile cha Sodoma), nyingine ya hidrojeni, nyingine ya oksijeni. Halafu wataalamu wakapaka: kiberiti nyekundu, hidrojeni rangi ya majani, oksijeni bluu. Lakini nuru ile ya hidrojeni kwa kweli ni nyekundu! Waliibadilisha kwa kusudi, kwa kuwa nuru ya kiberiti nayo ni nyekundu, na kama wangeziacha zote mbili vile, hakuna mtu angeweza kuzitenganisha.

Basi mama alikuwa na haki. Hata kama angesimama karibu na wingu lile, macho yake yasingeona hivyo. Katika nuru ndogo jicho la mtu linapoteza rangi. Umeme unapokatika mtaani kwetu, na mnajua unakatika mara ngapi, tunaona ile njia nyeupe ya nyota, na karibu na Msalaba wa Kusini kuna mahali peusi kama tundu. Si tundu. Ni vumbi linalofunika nyota zilizo nyuma.

Je, picha ni uwongo? Nilikuwa karibu kusema ndiyo. Halafu nikasoma tena Ezekieli sura ya 1. Nabii alionyeshwa jambo lisilo na jina katika lugha ya watu, naye anaazima rangi za shaba, za moto, za upinde wa mvua. Lakini kila mara anatuonya kwamba ni mfano tu, ni kama kitu fulani. Na katika sura ya 13 nabii huyo huyo anawakemea vikali wanaotabiri ya mioyo yao wenyewe. Kumbe hakatazi rangi. Wataalamu nao waliandika wazi rangi gani inasimama mahali pa kitu gani, na picha zile za kwanza zimehifadhiwa, anayetaka azichunguze. Tena walipaka kilichokuwako. Mwaka 2022 darubini nyingine, Webb, ilizipiga nguzo zile kwa nuru ambayo jicho haliioni kamwe, na nyota nyingi zilizofichwa na vumbi zikaonekana.

Jambo moja tu silikubali. Katika simu ya yule kijana hapakuwa na maelezo hata mstari mmoja. Picha inatembea, maandishi yake yanabaki nyuma. Ushuhuda nao ni hivyo: ukipita vinywa vitatu, neno «kama» limekwisha kuanguka njiani.

Na hapa ndipo nilipochomwa. Mwaka uliopita niliandika katika gazeti hili ushuhuda wa mama aliyeponywa homa. Niliandika kwamba homa ilimwacha saa ile ile tulipomwekea mikono. Yeye hakuniambia hivyo. Nilijiambia naongeza rangi kidogo ili watu wauone utukufu wa Mungu. Baba mmoja akasoma, akamweka mtoto wake mgonjwa nyumbani siku mbili, akiomba na kungojea «saa ile ile». Alipompeleka kwenye kituo cha afya mtoto alikuwa hawezi tena kusimama. Ni mzima leo, namshukuru Bwana, lakini kwa baba yule mpaka sasa nashindwa kumtazama usoni. Wale wa darubini walipaka ili vitu viwili vya kweli vionekane kila kimoja. Mimi nilipaka kisichokuwako, na kilichokuwako nikakifuta.

Nimekwenda kwa mama yule kuomba masamaha, na kwa ruhusa yake naandika upya. Homa yake ilikwisha siku ya tatu. Tulimwombea siku zote tatu, na siku zote tatu alikunywa dawa alizopewa kwenye kituo cha afya. Mwenyewe anasema vyote viwili vilitoka kwa Mungu, na ameniomba nisiache hata kimoja.